Kumtambua Kubwiro Kichwa-cheusi na Kumtenganisha na Ndugu Zake wa Afrika Mashariki

Kubwiro kichwa-cheusi, ambaye jina lake la kisayansi ni Oriolus larvatus, ni ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi na mdomo mwekundu, na anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kuanzia miti ya pwani hadi mashamba ya nyanda za juu. Kwa maelezo hayo mafupi mtu anaweza kudhani kwamba kazi ya kumtambua imekwisha kabla haijaanza. Haiko hivyo. Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja zina spishi saba za kubwiro, na nne kati ya hizo zina kichwa cheusi, mwili wa manjano na mdomo mwekundu vilevile. Rangi inayovuta jicho la mtazamaji kwanza ndiyo inayomsaidia kidogo kuliko zote. Kinachoamua ni ubawa, kisha mkia, kisha mahali ndege alipoonekana na mwinuko wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari, na hatua zinazofuata zimepangwa ili mtazamaji afike haraka kwenye alama hizo badala ya kutumia dakika zake chache kushangaa uzuri wa kichwa.

Maandalizi kabla ya kutoka

Kubwiro hukaa juu mitini, mara nyingi katikati ya majani, wala hatulii mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa hiyo macho matupu hayatoshi. Kwa anayeanza, darubini inayokuza mara 8 inafaa kuliko inayokuza mara 10, kwa sababu huonyesha eneo pana zaidi na mtikisiko wa mkono hauharibu taswira sana. Kamera si ya lazima, lakini anayo nafuu kubwa yule aliye nayo, kwani picha mbaya ya ubawa ina thamani kuliko kumbukumbu nzuri ya kichwa. Simu yenye programu ya ramani inayoonyesha mwinuko ni ya muhimu kuliko wengi wanavyodhani, na sababu yake itaonekana katika hatua ya tano.

Wakati mzuri ni asubuhi, tangu jua linapochomoza hadi yapata saa nne, ndege wanapolia na kula kwa bidii. Mwanga wa wakati huo pia huja kwa upande, ukaangaza kifua na ubawa. Jua la saa sita huanguka wima, likamwacha ndege aliye juu ya mtu akiwa kivuli kitupu. Inafaa kujipanga ili jua liwe mgongoni, hata kama itabidi kuuzunguka mti mzima.

Badala ya kutembea huku na huku, ni afadhali kutafuta mti wenye chakula na kusimama karibu nao. Kubwiro kichwa-cheusi hula matunda, viwavi na wadudu wengine, na pia hunywa ntwa ya maua, kwa hiyo mkuyu uliozaa, mishubiri iliyochanua na migrevilea iliyopandwa mashambani ni mahali pa kuanzia. Mara nyingine hufuatana na kundi la ndege wa aina mbalimbali wanaotafuta wadudu pamoja, na anayesikia kelele za kundi kama hilo likipita asiliache bila kuangalia juu kabisa ya miti, maana kubwiro hupenda kuwa wa juu kuliko wenzake.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni kubwiro

Ndege wa manjano mwenye weusi kichwani si lazima awe kubwiro. Anayechanganya watu zaidi ni kwera, hasa yule mkubwa anayejenga makoloni ya viota vinavyoning'inia karibu na nyumba na maji, Ploceus cucullatus, ambaye dume lake lina weusi usoni na jicho jekundu. Tofauti zao ni za wazi pindi mtu anapojua aangalie nini. Mdomo wa kwera ni mfupi, mnene na wa pembe tatu, tena mweusi. Wa kubwiro aliyekomaa ni mrefu kiasi, umenyooka na kupinda kidogo tu kuelekea ncha, na una wekundu wa matumbawe unaoonekana kwa mbali. Mgongo wa kwera una mabaka meusi na ya manjano, ilhali wa kubwiro kichwa-cheusi ni wa rangi moja, manjano yenye kuelekea kijani cha zeituni. Ukubwa nao unasaidia: kubwiro ana urefu wa sentimita 22 hivi tangu ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na kwera huyo hufika sentimita 17 kwa shida. Zaidi ya hayo, kwera hukaa kwa makundi yenye zogo, lakini kubwiro huonekana mmoja au wawili wawili.

Mwendo wa kubwiro angani ni wa kupanda na kushuka kwa mapana, na mara nyingi huruka kutoka kilele cha mti mmoja hadi kilele cha mwingine bila kushuka chini. Akionekana ardhini ni jambo la nadra.

Hatua ya pili: angalia kichwa, lakini usikae hapo

Kichwa kinawagawa kubwiro wa eneo hili katika makundi matatu, na kazi yake inaishia hapo.

Kundi la kwanza ni la wenye kichwa cha manjano na mstari mweusi wa jicho. Hawa ni wawili, kubwiro dhahabu wa Afrika, Oriolus auratus, na kubwiro dhahabu wa Ulaya, Oriolus oriolus. Kwa dume, mstari wa jicho wa yule wa Afrika hupita jicho na kuendelea nyuma yake, na manyoya mafupi ya ubawa wake yana kingo pana za manjano, hivi kwamba ubawa uliokunjwa huonekana wa manjano yenye mistari myeusi. Yule wa Ulaya ana weusi kati ya mdomo na jicho tu, na ubawa wake ni mweusi wenye doa dogo la manjano. Majike na wachanga wa spishi hizi mbili ni wagumu zaidi, kwa kuwa wote ni wa kijani-manjano na wengi wana michirizi tumboni, lakini kingo pana za manjano kwenye ubawa hubaki kuwa alama ya kutegemewa ya yule wa Afrika.

Msimu nao una neno lake hapa. Kubwiro wa Ulaya ni mhamaji anayekuja baada ya kuzaliana huko kaskazini, na huonekana Afrika Mashariki hasa tangu Oktoba hadi Aprili, akipita kwa wingi zaidi mwanzoni na mwishoni mwa kipindi hicho. Nususpishi ya kusini ya kubwiro dhahabu wa Afrika, yaani kundi dogo la kusini ndani ya spishi hiyo, huzaliana katika miombo ya Tanzania ya kusini, Zambia na nchi za jirani, kisha baadhi yao hufika pwani ya Kenya kati ya Aprili na Agosti. Kwa hiyo kubwiro wa manjano aliyeonekana katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio kwenye pwani hiyo, mwezi wa Julai ana uwezekano mkubwa wa kuwa wa Afrika, ingawa kalenda peke yake haitoshi kumpa mtu jina.

Kundi la pili lina mmoja tu, kubwiro kichwa-kijani, Oriolus chlorocephalus. Kichwa na koo lake ni kijani cha kuvu, na nyuma ya shingo amevaa ukosi wa manjano unaokitenga kichwa na mgongo. Tatizo lake ni kivuli. Ndani ya msitu, kijani hicho hugeuka kuwa cheusi machoni pa mtu aliye chini, na wengi wamemwandika kuwa kichwa-cheusi kwa sababu hiyo. Dawa ni kumsubiri asogee penye mwanga, na kumwangalia shingoni: ukosi wa manjano unapogusana na mgongo wa kijani, huyo si kichwa-cheusi.

Kundi la tatu ni la wenye weusi halisi wa kichwa chote, koo na sehemu ya juu ya kifua, weusi unaoishia kwa mpaka uliokatwa wazi juu ya manjano. Kundi hili lina kubwiro kichwa-cheusi mwenyewe, kubwiro wa milimani (Oriolus percivali), kubwiro wa magharibi (Oriolus brachyrynchus) na kubwiro mabawa-meusi (Oriolus nigripennis). Hakuna anayeweza kuwatenganisha wanne hawa kwa kichwa, na anayedai kufanya hivyo anakisia. Hapo ndipo darubini inapaswa kushuka kutoka kichwani kwenda ubavuni.

Hatua ya tatu: soma ubawa uliokunjwa

Hii ndiyo hatua inayobeba uzito wa utambuzi wote, na inafaa kuifanya kwa utaratibu, sehemu moja baada ya nyingine, hata kama ndege atakuwa amekwenda kabla ya kumaliza.

Anza na doa jeupe. Ubawa unapokunjwa, karibu na ukingo wake wa chini, pale ambapo manyoya marefu ya kurukia huanzia, kuna safu ya manyoya mafupi yanayofunika mizizi ya hayo marefu. Kwa kubwiro kichwa-cheusi manyoya hayo mafupi ni meusi yenye ncha nyeupe, na ncha hizo zikikusanyika hufanya doa dogo jeupe linaloonekana vizuri juu ya weusi. Kubwiro wa milimani analo doa hilo, na wa magharibi pia analo. Kubwiro mabawa-meusi hana: sehemu hiyo kwake ni nyeusi tupu. Swali la kwanza la ubawa, basi, ni iwapo doa lipo au halipo, na jibu lake linamwondoa mmoja kati ya wanne papo hapo. Tahadhari ni kwamba doa hufunikwa na manyoya ya ubavu ndege anapojikunyata au kujipuna, kwa hiyo kutoliona kwa sekunde mbili si ushahidi kwamba halipo.

Kisha nenda kwenye manyoya ya ndani ya ubawa, yaani yale yaliyo karibu na mgongo, ambayo hulala juu ya mengine ubawa ukikunjwa. Kwa kubwiro kichwa-cheusi, sehemu hii ina mapana ya zeituni na manjano iliyopauka, na manyoya yanayoifuata yana kingo za rangi nyeupe yenye umanjano, kiasi kwamba kuanzia mgongoni kwenda chini rangi hufifia hatua kwa hatua kutoka kijani-manjano hadi weusi wenye mistari myembamba ya kupauka. Kwa kubwiro wa milimani mfululizo huo hukatika, kwa sababu weusi umeenea zaidi na kuingia hadi kwenye manyoya ya ndani, na ubawa wote huonekana mzito na mweusi ukipakana ghafla na mgongo. Kwa kubwiro wa magharibi, kingo za manyoya ya kati ya ubawa ni pana na za kijivu, na kijivu hicho hufanya ubavu mzima uonekane kama uliopakwa majivu. Naye kwa umbo ni mdogo kidogo kuliko kichwa-cheusi.

Maelezo haya yanasomeka kwa urahisi kuliko yanavyotumika. Porini ndege hugeuka, jani hupita mbele, na mwanga hubadilika. Njia inayofanya kazi ni kujiuliza maswali matatu kwa mpangilio uleule kila mara: je, kuna doa jeupe, je, manyoya ya ndani ni ya zeituni au meusi, je, kingo ni za manjano au za kijivu? Mtu akiyazoea maswali haya kwa ndege wa kawaida wa karibu na nyumbani, siku atakapokutana na mgeni ataona mara moja kwamba jibu mojawapo halifanani na alilolizoea. Kwa hiyo kumtazama kubwiro yuleyule wa bustanini mara kwa mara si kupoteza muda hata kidogo.

Hatua ya nne: mkia, kutoka juu

Manyoya mawili ya katikati ya mkia ndiyo yanayopaswa kuangaliwa. Kubwiro kichwa-cheusi anayo ya rangi ya zeituni, yanayolingana na mgongo, na pembeni yake ndipo panapoonekana weusi wenye ncha pana za manjano. Kubwiro wa milimani na kubwiro mabawa-meusi wanayo meusi. Alama hii ni nzuri sana, na pamoja na ubawa mweusi ndiyo inayomthibitisha kubwiro wa milimani.

Ugumu wake ni kwamba mkia wa ndege aliye juu huonekana kwa upande wa chini, na upande wa chini wa spishi zote nne huonyesha weusi na pembe za manjano bila kufunua rangi ya manyoya ya katikati. Inabidi kumwona kwa mgongo, na hilo huwezekana zaidi kutoka kwenye mteremko, barabara ya mlimani au ghorofa, mahali ambapo vilele vya miti viko usawa wa macho. Aliyemwona kwa chini tu aandike kwamba mkia haukuonekana, wala asijaze nafasi hiyo kwa kubahatisha.

Hatua ya tano: pima mahali, makazi na mwinuko

Kubwiro kichwa-cheusi ana mtawanyiko mpana kuliko ndugu zake wote wenye kichwa cheusi. Anapatikana kuanzia Sudan Kusini na Ethiopia ya kusini, kupitia Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, hadi mashariki ya Afrika Kusini, na kwa upande wa magharibi anafika Angola. Katika eneo hilo lote wataalamu humgawa katika nususpishi kadhaa zinazotofautiana kidogo kwa ukubwa na kwa kiwango cha umanjano. Wa pwani, kwa mfano, ni wadogo kidogo. Tofauti hizo hazina faida kwa mtazamaji wa kawaida, na anaweza kuziacha bila majuto.

Makazi yake ni miti isiyosongamana sana: nyika yenye miti mirefu, miombo, misitu ya kandokando ya mito, misitu ya pwani, kingo za misitu, na pia bustani, viwanja vya shule na mashamba ya mikalitusi. Katika nchi kavu za kaskazini mwa Kenya hutegemea ukanda wa miti unaofuata mito, na nje ya ukanda huo haonekani. Hutokea tangu usawa wa bahari hadi nyanda za juu, lakini hupungua kadiri mtu anavyoingia katika msitu mnene na wenye baridi wa milimani.

Huko ndiko anakoanza kubwiro wa milimani. Spishi hii ni ya misitu ya juu ya mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda ya magharibi, Kenya na sehemu ya magharibi ya Tanzania, na mwinuko wake kwa ujumla ni kuanzia kama mita 1500 au 2000, kutegemea mlima, hadi karibu mita 3000. Bwindi, Nyungwe, Mlima Kenya na milima ya Nyandarua ni sehemu zinazojulikana kuwa naye. Mahali ambapo msitu wa mlimani unapakana na mashamba yenye miti, spishi zote mbili zinaweza kuwa karibu, na ni hapo hasa ambapo ubawa na mkia lazima vionekane kabla ya kuandika jina. Mwanazuolojia Mjerumani Lichtenstein alimwelezea kubwiro kichwa-cheusi kisayansi mwaka 1823. Kubwiro wa milimani alielezewa mwaka 1903, miaka 80 baadaye, kwa hiyo anayetatizika kuwatofautisha asijione mzito wa macho.

Hata hivyo, mwinuko usigeuzwe kuwa kanuni ya upofu. Kubwiro wa milimani si ndege wa kila mlima. Safu za mashariki ya Tanzania, kama vile Usambara na Uluguru, ziko nje ya mtawanyiko wake, na aliyemwona kubwiro mwenye kichwa cheusi huko juu ana kichwa-cheusi wa kawaida, au amemwona kichwa-kijani kivulini. Mwinuko unatumika baada ya ramani, si kabla yake.

Kubwiro kichwa-kijani ndiye mwenye makazi yaliyobanwa kuliko wote hawa. Ni ndege wa msitu wa asili wa mashariki: Shimba Hills nchini Kenya, misitu ya Usambara ya Mashariki ikiwemo Amani, Nguru na Uluguru nchini Tanzania, kisha kwa vipandevipande Malawi ya kusini na Msumbiji, ambako kundi lililotengwa katika Mlima Gorongosa lilipewa hadhi ya nususpishi yake mwaka 1969. Wale wa Gorongosa wana weupe kwenye ubawa kuliko wenzao. Shimba Hills haifiki hata mita 500, jambo linalothibitisha kwamba ndege huyu anafuata msitu wenye unyevunyevu zaidi kuliko anavyofuata urefu wa mlima.

Kwa upande wa magharibi mambo ni tofauti. Kubwiro wa magharibi ni wa msitu wa mvua wa nyanda za chini, ambao unaanzia Afrika Magharibi na kuingia Uganda, katika misitu kama Mabira na Budongo. Kubwiro mabawa-meusi naye anagusa tu ukingo wa Afrika Mashariki, huko Semuliki kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Aliye Dodoma, Mombasa au Machakos hana haja ya kuwawazia wawili hawa kabisa. Aliye Mabira anapaswa kuwawazia kwanza, kabla ya kichwa-cheusi, ambaye huko atampata zaidi nje ya msitu kuliko ndani yake. Anayevuka kwenda nyanda za juu za Ethiopia akumbuke kwamba yupo wa nane, Oriolus monacha, naye pia ana kichwa cheusi.

Hatua ya sita: tumia sauti kumtafuta, si kumhukumu

Wimbo wa kubwiro kichwa-cheusi ni mluzi laini, mnene na wenye kutiririka, wa silabi mbili au tatu zinazoteremka, na hurudiwa kwa mapumziko mafupi. Kati ya miluzi hiyo hutoa pia mlio mkali wa kukwaruza, hasa anapokasirishwa na kozi au bundi. Aliyekwisha kuusikia mluzi huo mara kadhaa ataujua, na kwa kawaida ndio unaomwelekeza mtu kwenye mti husika kabla hajaona unyoya wowote.

Lakini miluzi ya kubwiro wote wenye kichwa cheusi ina undugu wa karibu, na ya kichwa-cheusi na wa milimani haitenganishwi kwa uhakika na sikio la kawaida. Wapo pia ndege waigaji wanaochukua miluzi ya wengine na kuitoa kwa ufasaha kutoka kwenye kichaka kilicho chini. Mluzi wa kubwiro unaotoka chini kichakani, badala ya juu mtini, ushukiwe.

Kumchezea ndege rekodi ya simu ili aje karibu kunawezekana, na mara nyingi anakuja, kwa kuwa hudhani mpinzani ameingia katika eneo lake. Kufanya hivyo mara kwa mara, hasa wakati wa kuzaliana, humpotezea muda wa kulisha makinda na kulinda kiota, na kwa maoni ya mwandishi huyu hakuna ulazima wowote kwa ndege aliye wa kawaida namna hii. Mtu akitulia chini ya mkuyu kwa nusu saa atamwona bila hila.

Hatua ya saba: mchunguze aliye mchanga kwa masharti yake

Kubwiro kichwa-cheusi mchanga huwachanganya hata waliozoea. Mdomo wake ni mweusi, jicho lake ni la kahawia badala ya jekundu, kichwa chake kina weusi uliofifia wenye vipaku vya manjano, na kifuani ana michirizi myeusi pale ambapo mkubwa ana mpaka uliokatwa wazi. Kwa mdomo huo mweusi na michirizi hiyo, wengine humwita kubwiro wa Ulaya mchanga. Cha kuangalia ni koo: kwa kichwa-cheusi mchanga koo tayari lina giza, hata kama limefifia, na giza hilo linaungana na la kichwa; kwa wale wa dhahabu koo limepauka.

Mara nyingi jibu rahisi zaidi ni kuwatazama wazazi, kwa sababu mchanga aliyetoka kiotani karibuni hufuatwa na kulishwa na wakubwa. Kiota chenyewe ni kikombe cha kuvumwani, nyuzi za mimea na utando wa buibui kilichofungwa kwenye panda ya tawi jembamba, juu na mbali na shina, na hutagwa ndani yake mayai mawili au matatu. Hakisaidii kutenganisha spishi, kwani ndugu zake hujenga kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kukisogelea.

Hatua ya nane: andika kilichoonekana

Andika kabla ya kufungua kitabu au programu ya ndege, maana picha ya kitabu ina tabia ya kuingia kwenye kumbukumbu na kujaza mapengo. Andika tarehe, saa, mahali, mwinuko, aina ya makazi, umbali na upande wa mwanga, kisha majibu ya maswali matatu ya ubawa, rangi ya manyoya ya kati ya mkia kama yalionekana, rangi ya mdomo na jicho, na mwisho sauti. Penye alama isiyoonekana, andika kwamba haikuonekana.

Rekodi iliyoandikwa hivyo inafaa kutumwa. Nchini Kenya, mradi wa Kenya Bird Map ulioanza mwaka 2013 hukusanya orodha za ndege kwa kuigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, na Tanzania nayo ina atlasi yake ya ndege. Kwa kubwiro, rekodi yenye thamani zaidi ni ya maeneo ambako msitu wa mlimani unapakana na mashamba, kwa sababu ndiko spishi mbili zinakokaribiana. Kama doa, manyoya ya ndani na mkia havikuonekana mahali kama hapo, mwandike ndege kuwa ni kubwiro mwenye kichwa cheusi ambaye spishi yake haikuthibitishwa, weka alama ya mti alipokuwa, na urudi asubuhi nyingine ukiwa upande wa juu wa mteremko.